Aina za Mipapai na Sifa Zake: Ujue Unachopanda Kabla ya Kuchimba Shimo

Mpapai ni mti wa nyumbani kwa mtu wa Pwani. Kutoka Lungalunga hadi Lamu, ni nadra kukosa mpapai mmoja au miwili nyuma ya jiko au kando ya kisima, na mara nyingi umeota wenyewe pale mbegu zilipomwagwa. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunadhani tunaujua. Tunajua kuula, hilo halina shaka. Kuuchagua ni jambo jingine.

Siku hizi mpapai umekuwa biashara. Vijana wanakodi shamba, wananunua miche, wanalipia maji, kisha miezi mitano au sita baadaye maua yakitoka ndipo wanapogundua kwamba karibu nusu ya mipapai yao ni madume. Wengine huvuna vizuri, lakini matunda ni madogo na soko lao la mtaani linataka papai la kukatwa vipande. Hasara ya namna hii huanza siku ya kununua mbegu. Makala haya yanaeleza aina za mipapai zinazopatikana kwetu, tabia za kila moja, na mahali inapofaa.

Asili yake

Mpapai, ambao jina lake la kisayansi ni *Carica papaya*, si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati. Wahispania na Wareno ndio walioutawanya katika nchi za joto kuanzia karne ya 16, nao ukazoea mwambao wetu kana kwamba ulikuwapo tangu zamani.

Kwa kweli si mti hasa. Shina lake ni laini, lina uwazi ndani, na halina mbao. Hukua haraka, huzaa mapema, na huchoka mapema pia. Mkulima wa biashara huutegemea kwa miaka 3 au 4, kisha hupanda mwingine, ingawa mpapai wa nyumbani unaweza kuishi zaidi ya hapo ukawa mrefu hata wa kuangua kwa upondo.

Msomaji aliye na jamaa Marekani asishangae akisikia huko kuna "pawpaw" inayomea msituni kwenye baridi. Huo ni mti mwingine kabisa, wa jamii moja na mstafeli na mtopetope.

Dume, jike na huntha

Kabla ya kutaja majina ya mbegu, ni lazima kuelewa jinsia, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Mpapai una jinsia tatu.

Mpapai dume hutoa maua madogo mengi yaliyoning'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi. Haukosi harufu nzuri, lakini hauzai. Mara mojamoja hutoa vipapai vichache vinavyobembea kwenye vikonyo hivyo, navyo si vya kutegemewa.

Mpapai jike hutoa ua kubwa lililo karibu na shina, nene chini na lisilo na chavua. Tunda lake huwa la mviringo, lenye uwazi mkubwa ndani. Jike linahitaji chavua kutoka kwa mpapai mwingine. Utafiti uliofanywa Bonde la Kerio ulionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa hasa na nondo wakubwa wanaoruka wakati wa machweo. Anayepiga dawa za wadudu jioni bila kipimo huwaua wafanyakazi wake mwenyewe.

Mpapai huntha una ua jembamba lenye sehemu za kiume na za kike pamoja. Hujichavusha wenyewe, na tunda lake huwa refu au la umbo la peasi, lenye nyama nene. Hili ndilo linalopendwa na wanunuzi wa hoteli na wa kusafirisha.

Hakuna ajuaye jinsia kwa kutazama mbegu au mche mdogo. Anayekuuzia mche wa inchi sita akakuapia kuwa ni jike, anakuuzia maneno. Vilevile, ile imani ya kupigilia msumari au kukata kichwa ili dume ligeuke jike haina msingi wa kuwekea fedha. Dawa ya dume ni kuling'oa, ukabakiza moja kwa kila majike 10 hadi 20.

Njia ya uhakika ni kupanda miche mitatu katika kila shimo, kisha kubakiza mmoja mzuri baada ya maua kuonekana. Kwa mbegu za kienyeji, ambazo hutoa takriban nusu kwa nusu dume na jike, hesabu inaonyesha kwamba kati ya mashimo 8 yenye miche mitatu, ni shimo 1 tu litakalotoka madume matupu. Ukipanda mche mmoja kwa shimo, utapoteza mashimo 4 kati ya hayo 8.

Mipapai ya kienyeji

Hii ndiyo ile ya nyuma ya jiko. Haina jina moja wala sifa moja, kwa sababu kila mbegu imetokana na mchanganyiko. Mmoja utakupa papai kubwa kama mtungi, mwingine dogo na tamu, mwingine kubwa lakini maji matupu. Kwa kawaida huwa mirefu, huanza kuzaa juu, na hugawanyika dume na jike.

Uzuri wake ni uvumilivu. Imezoea joto letu na mchanga wetu, na mbegu ni za bure. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kumwahidi mnunuzi tunda la aina moja kila wiki. Ukiwa na mpapai wa kienyeji mtamu, hifadhi mbegu za tunda lake, lakini ujue watoto hawatafanana wote na mama yao.

Solo na jamii yake

Solo ndiyo aina iliyobadilisha biashara ya papai duniani. Mbegu zake zilifika Hawaii kutoka Barbados mwaka wa 1911. Tunda lake ni dogo, kama nusu kilo hivi, la umbo la peasi na tamu sana. Ni tunda la kumtosha mtu mmoja, na ndiyo maana ya jina lenyewe.

Solo haitoi madume. Mbegu za huntha aliyejichavusha hutoa takriban huntha wawili kwa kila jike mmoja. Ukipanda miche mitatu kwa shimo, ni kama shimo 1 tu katika 27 litakalokosa huntha. Faida nyingine ni kwamba mkulima anaweza kuhifadhi mbegu zake mwenyewe, mradi shamba liwe mbali na mipapai mingine.

Kutokana na Solo kumepatikana Kapoho, yenye nyama ya njano, na Sunrise, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka wa 1968, yenye nyama nyekundu inayokaribia rangi ya waridi. Sunset ni ndugu wa Sunrise, mfupi zaidi. Waimanalo ina tunda kubwa kidogo kuliko Solo ya kawaida na nyama ya njano iliyoiva rangi ya machungwa.

Mbegu chotara

Chotara maarufu kuliko zote ni Red Lady, iliyotoka Taiwan. Mpapai wake ni mfupi, huanza kuzaa chini kabisa ambapo mtoto anaweza kuchuma, na tunda lake huwa la kilo 1.5 hadi 2, lenye nyama nyekundu. Hauna dume, hutoka jike au huntha. Pia huvumilia kiasi ugonjwa wa virusi vya madoa ya pete. Malkia F1, inayouzwa sana katika maduka ya pembejeo hapa nchini, ni ya kundi hilohilo la chotara fupi zenye tunda kubwa.

Alama ya F1 kwenye pakiti ina maana kubwa. Ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili waliochaguliwa. Ukichukua mbegu za tunda lake ukazipanda, watoto watatawanyika: wengine warefu, wengine wafupi, wengine wasio na ladha. Kwa hiyo jihadhari na anayekuuzia "miche ya Red Lady" kwa bei ya kutupa, huku mbegu amezitoa kwenye papai alilokula jana. Uliza pakiti uione, na uhifadhi risiti.

Aina nyingine

Honey Dew ni ya India. Mpapai wake ni wa kimo cha wastani, na tunda lake ni la umbo la yai, lenye maji mengi na utamu. Kiru ni ya jirani zetu Tanzania. Ina matunda makubwa na utomvu mwingi, jambo linaloifaa kwa anayekinga utomvu wa kuuza.

Kuna pia mpapai wa milimani, ambao kwao ni milima ya Andes. Ni ndugu tu wa mpapai wetu. Tunda lake ni dogo, la kupikia jemu, nao hutaka baridi. Usiulete Kilifi.

Nyekundu au njano?

Wateja wengi huamini papai jekundu ni tamu kuliko la njano. Rangi pekee haisemi hivyo. Jekundu lina likopeni, ile rangi iliyomo kwenye nyanya na tikiti maji, na la njano halina kiasi cha kutajika. Utamu hutegemea aina, jua, maji na siku ya kuchuma. Yote mawili ni hazina ya vitamini C, kiasi cha miligramu 60 katika kila gramu 100.

Udongo, maji na joto la Pwani

Joto letu linaufaa mpapai, na mchanga unaopitisha maji unaufaa pia. Unachokichukia ni maji kutuama. Siku mbili tu za mizizi kukaa majini wakati wa masika zinaweza kuuangusha. Kwenye mabonde, panda juu ya matuta. Kwenye mchanga mtupu, jaza shimo samadi iliyooza, kwani mchanga haushiki chakula. Upandaji wa mita 2.5 kwa mita 2.5 unakupa karibu mipapai 650 kwa ekari.

Mipapai huntha ina tabia moja ya kuijua. Joto kali na ukame, kama tunavyoona kaskazi inapokaza kati ya Januari na Machi, huweza kuyafanya maua yake yawe ya kiume kwa muda, na ukaona sehemu ya shina haina tunda. Mpapai jike haubadiliki hivyo. Kwa nyumba isiyo na maji ya kumwagilia, jike la kienyeji lenye dume karibu linaweza kukupa matunda ya uhakika kuliko chotara ya bei ghali.

Maradhi na wadudu

Virusi vya madoa ya pete huenezwa na vidukari. Majani hujikunja, na tunda huonyesha vipete. Hauna tiba, mpapai ung'olewe na kuteketezwa mapema. Ugonjwa huu si wa mzaha: ulipoingia wilaya ya Puna huko Hawaii mwaka wa 1992, uliangamiza mashamba hata ikabidi watengeneze mbegu zilizobadilishwa vinasaba, zilizoanza kupandwa 1998. Usichanganye mipapai na maboga, matango au matikiti, kwani mimea hiyo huvihifadhi virusi hivyo.

Adui mwingine ni vidung'ata vya papai, wale wadudu weupe kama pamba wanaolifunika tunda. Nchini Kenya waligunduliwa kwanza hapahapa Mombasa mwaka wa 2016. Watafiti wa KALRO na wenzao walileta nyigu wadogo wanaowaua wadudu hao na kuwaachia Pwani. Nyigu hawa hawamdhuru mtu. Dawa kali huwaua wao kabla ya vidung'ata, basi anza kwa kukata sehemu iliyoshambuliwa na kuosha kwa maji ya sabuni.

Chagua kwa kufuata soko

Anayeuzia hoteli na maduka makubwa apande Solo au Sunrise. Anayeuza sokoni Kongowea, au kwa wauza matunda ya vipande barabarani, anahitaji tunda kubwa la Red Lady na mfano wake. Wa matumizi ya nyumbani ana nafasi ya kienyeji, na asiidharau.

Chuma papai linapoonyesha mstari wa njano. Likichumwa bichi kabisa halitaiva vizuri, hata ukilifunika kwa gunia. Yale mabichi yana kazi yake jikoni: utomvu wake una kimeng'enya kinacholainisha nyama, siri ambayo wachoma mishkaki wetu wameijua muda mrefu.

Na ukipata mbegu nzuri, zioshe utoke ule utelezi wa nje, maana huchelewesha kuota. Zianike kivulini, kisha uzisie. Wiki mbili hadi tatu zitachomoza. Andika jina la aina na tarehe kwenye kibao, ukichomeke kitaluni, ili atakayekuomba miche umpe kitu chenye jina.