Mguu Usiosogea: Hoja Kuhusu Tiba ya Vijana

Januari 30, 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wengine kwa saa chache, wengine hadi siku 16. Walimu hawakupatwa. Sumu ilitafutwa, haikuonekana. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ikazuka Nshamba na kuwakumba watu 217. Shule ilifunguliwa Mei, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, ilhali ni somo la tiba: kuwatawanya wagonjwa si kuwatibu.

Sasa tuchukue tatizo la aina hiyo kwa mtu mmoja: tuseme ni Magole, wilayani Kilosa, na binti wa kidato cha pili ameamka mguu hausogei. Jirani atasema ni mashetani. Mwalimu atasema anakwepa mtihani. Tabibu naye, baada ya vipimo, atasema hana ugonjwa wowote, na kwa maoni yangu kauli hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwani inamwacha binti achague kati ya uongo na mapepo.

Tatizo hili, lililoitwa histeria zamani, lina dalili zake zinazothibitika, na mojawapo, iliyoelezwa na daktari Charles Hoover mwaka 1908, haihitaji mashine. Binti analala chali. Tabibu anaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu dhaifu na kumwambia akikandamize: hakuna nguvu. Kisha anamwambia ainue mguu wa pili huku akiuzuia, na papo hapo kile kisigino kinakandamiza kiganja barabara. Wengi hutumia kipimo hiki kumkamata mgonjwa. Mimi nasema aonyeshwe mwenyewe, mzazi akiwepo: njia ya neva ni nzima, amri ndiyo haifiki unapoikazania, na mwili unaweza kujifunza upya. Tiba imeshaanza hapo. Mazoezi hufuata, akili ikiwa kwingine: atembee kinyumenyume, ahesabu kwa sauti, acheze ngoma. Shuleni arudi mapema, hata kwa nusu siku.

Kwa wale ambao tatizo hili huwaangusha kama wenye kifafa, uangalifu uzidi. Kifafa kipo, na mtu mmoja aweza kuwa na kifafa na tatizo hili pia; lakini kumnywesha fenobabito kijana asiye na kifafa ni kumlewesha bure.

Je, chanzo ni nini? Wengi hudai kijana aungame siri kwanza. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliondoa sharti la kupata msongo uliotangulia, na ulifanya vyema. Kumhoji binti mbele ya baba na mjomba hakumponyi. Atengewe muda na muuguzi au matroni anayemwamini, faraghani. Kama kuna aliyemdhuru, atasema akiwa tayari, na mazoezi ya mguu yasisubiri siku hiyo.