Kuta za Changuu

Mtu akiuliza habari za kisiwa cha Changuu, kilichoko baharini mbele ya mji wa Unguja, mara nyingi hujibiwa upesi, "Ndicho Kisiwa cha Gereza." Jina hilo limeenea mno, hata wageni wengi wavukao kwa mashua hawalijui jina jingine. Hufika, husimama mbele ya kuta za mawe, hupiga picha, kisha hurudi kwao wakisema, "Tumeliona gereza walimofungwa watu." Basi twapenda kuwaeleza wasomaji habari za mahali hapo, maana katika jina hilo mna kweli na mna uongo, na hapana budi kuvitenga.

Changuu ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe. Urefu wake wapata mita 800, nacho ki mbali na Mji Mkongwe kadiri ya kilometa 5 na nusu, upande wa kaskazini-magharibi. Jina lake lahusiana na samaki aitwaye changu, ajulikanaye sana na wavuvi wa pwani. Mwaka 1893 kisiwa kilinunuliwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa askari wa manowari, kisha akawa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani. Yeye ndiye aliyejenga gereza. Shabaha ilikuwa kuwaweka wahalifu mbali na mji, wawe na bahari pande zote.

Lakini sikilizeni ajabu yake. Gereza lilikwisha jengwa, wala hakufungwa mtu ndani yake. Kisiwa kiligeuzwa kuwa mahali pa karantini. Abiria wa meli walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza, kama homa ya manjano, waliteremshwa hapo, wakaangaliwa muda wa juma moja au mawili, ndipo wakaruhusiwa kuendelea na safari. Katika miezi isiyo na meli nyingi, watu wa mjini walikwenda huko kupumzika. Mwaka 1919 wakaletwa kobe wanne wakubwa kutoka visiwa vya Shelisheli, wakazaana, na kizazi chao kingaliko hata leo. Hivyo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wafungwa haikumjua mfungwa.

Je, tuseme basi kwamba Changuu hakukuwa na kifungo kamwe? La, hasha. Miaka thelathini hivi kabla ya Mathews, katika enzi ya Sultani Majid bin Said aliyetawala tangu 1856 hata 1870, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili, nao walikitumia kuwazuilia watumwa waliokaidi, kabla ya kuuzwa au kusafirishwa ng'ambo. Hao ndio waliofungwa Changuu. Hawakuwa wahalifu, wala hawakuhukumiwa na kadhi yeyote. Kosa lao lilikuwa kukataa kuwa mali ya mtu. Walitoka bara, katika nchi za babu zetu, wakatembezwa miezi mingi hata pwani, na wengi wao hawakupata kuiona bahari mpaka siku ile. Tufikiri ukaidi wao ulikuwa mkubwa namna gani, hata wakaonekana hawafai kukaa mjini pamoja na wenzao.

Sisi nasi tulivuka na kamera yetu, tukapiga picha za mlango, za ua, na za ukuta uelekeao baharini. Picha zilitoka safi. Hata hivyo, tulipozitandaza mezani, tuliona kwamba kila moja yaonyesha mawe ambayo hayakumfunga mtu, na hapana hata moja iwaonyeshayo watu waliofungwa kweli. Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Mathews alikuwa na cheo, na kazi yake imeandikwa pamoja na mwaka wake. Mtumwa mkaidi hakuachiwa ukuta wala jina.

Twajua kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash, na mahali pale pakajengwa kanisa kuu. Mwaka 1897 sheria ya Unguja iliacha kuutambua utumwa. Hayo ni mambo makubwa, nayo yana alama yake ya mawe mjini. Lakini sheria iliwakuta wale wa Changuu wamekwisha kwenda zao, wengine ng'ambo, wengine kaburini.

Kwa hiyo hatusemi kwamba picha ni kitu kibaya. Picha ni shahidi mwaminifu wa jambo alilolitazama, ila haulizwi jambo ambalo hakuliona. Apigaye picha ya mahali pa kale na aandike nyuma yake mambo matatu: nani alijenga, nani alikaa, na nani alikuwapo kabla ya ukuta. Hilo la tatu ndilo gumu, kwa sababu jibu lake halimo katika mawe. Limo katika masimulizi ambayo wazee wetu waliyapokea kwa babu zao: mwembe uliowapa kivuli wapagazi, kivuko walipopitishwa watu wenye minyororo, jina la ndugu aliyechukuliwa asirudi. Katika vijiji vyetu mambo hayo hayana jengo, wala mgeni hatakuja kuyapiga picha. Tusipoyaandika sisi, hayataonekana tena.