Katanga: Nchi Iliyodumu Miaka Miwili na Nusu

Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku 11 baadaye kiongozi wa jimbo la Katanga, Moïse Tshombe, akatangaza kwamba jimbo hilo limejitenga.

Tshombe, mtoto wa mfanyabiashara tajiri na mwenye undugu na ukoo wa kifalme wa Walunda, alidai anaikimbia vurugu. Ni kweli kwamba askari walikuwa wameasi maofisa wao wa Kibelgiji na serikali ya Waziri Mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba, ilikuwa inayumba. Lakini madai matupu hayaundi nchi. Kilichoiunda Katanga ni kodi ya Union Minière, kampuni ya shaba na kobalti, ambayo sasa ililipwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) badala ya mji mkuu, Léopoldville (Kinshasa ya leo). Humo ndimo ilimotoka mishahara ya mamluki waliompigania Tshombe. Ikapatikana hata sarafu: upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba, fedha ya kale ya wenyeji kabla ya Wazungu. Sarafu ilikuwepo, ila hakuna taifa hata moja lililoitambua nchi yenyewe.

Na wanaosema Katanga ilitaka kujitenga waulizwe: Katanga ipi? Kaskazini, Waluba wa chama cha BALUBAKAT, chini ya Jason Sendwe, walikataa katakata, na vijiji vyao vikachomwa moto na askari wa Tshombe. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba waliokuwa wakiishi Élisabethville walihama nyumba zao wakajibana kambini, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Waliowafukuza walikuwa majirani zao, waliosema nao Kiswahili kilekile sokoni na migodini.

Lumumba, aliyekuwa ameondolewa madarakani na kukamatwa, aliletwa Katanga Januari 17, 1961, akiwa amefungwa kamba, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku uleule walipigwa risasi porini, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Septemba, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola (Zambia ya leo), akienda kuonana na Tshombe.

Hatimaye majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliwazidi nguvu askari wa Katanga, na Januari 1963 Tshombe akasalimu amri. Adhabu yake? Julai 1964 alifanywa Waziri Mkuu wa Kongo nzima. Askari wake wengi waliishia Angola, na mwaka 1978 wakarudi na bunduki wakaiteka Kolwezi, mji wa migodi.