Liwali kutoka Adam

Sisi tunaoshika njia ya Salalah huupita Adam mbio, mawazo yetu kwenye petroli na chai. Huko ndiko alikotoka Ahmad bin Said, babu yake Seyyid Said wa Unguja.

Kabla ya kutawala alikuwa mtu wa kazi kama sisi: liwali wa Sohar, akimtumikia Imamu Seif bin Sultan wa Yaarubi. Tajiri huyo mambo yalimharibikia. Mwaka 1737 aliwaita Waajemi wamsaidie dhidi ya wapinzani wake, na wageni wakageuka wenye nyumba. Inasimuliwa pia kuwa alimwonea wivu liwali wake akataka kumkamata. Mwaka 1742 wapinzani wakamweka Imamu mwingine, Sultan bin Murshid. Basi Ahmad amfuate nani?

Sisi mshahara ukichelewa miezi miwili tunatafuta kwengine, wala hatulaumiwi. Yeye alibaki Sohar, ngomeni, Waajemi wamemzunguka. Sultan bin Murshid alikwenda kumsaidia, akajeruhiwa, akafa huko mwaka 1743. Seif naye hakukawia kufa. Liwali akawa hana tajiri hata mmoja, ila mji bado anao. Akapatana na Waajemi, baadaye akawatoa, na katika miaka ya 1740 akachaguliwa Imamu. Wazao wake wanatawala Maskati mpaka leo. Unguja walitawala mpaka Januari 1964.