Nzi Asiye na Wajukuu

Mwaka nilioacha chuo, msimu wa maembe ulinikuta Makueni, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuokota maembe yaliyoanguka. Susu alikaa kwenye kigoda akiyapasua moja moja. Nje embe safi, limeiva shavuni. Ndani, funza wanarukaruka. Asubuhi hiyo broka alikuwa amepasua matano, akarudi kwenye lori lake bila hata kutaja bei. Karo yangu ilikuwa kwenye miti hiyo.

"Shida si huyu nzi," susu akaniambia. "Shida ni wajukuu wake."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Baadaye, nikisoma usiku kwa simu, nikakuta kuna watu waliotumia maisha yao yote kwa hoja hiyo hiyo.

Stori inaanzia mbali. Mwaka 1910, huko New York, Thomas Hunt Morgan alimwona nzi mdogo wa Drosophila mwenye macho meupe badala ya mekundu. Huyo si nzi wa susu. Ni binamu wa mbali, yule anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kupitia macho yale, Morgan alionyesha kwamba jeni hukaa kwenye kromosomu. Mwaka 1927, mwanafunzi wake wa zamani, Hermann Muller, akaonyesha kwamba eksirei huharibu jeni za nzi, na uharibifu huo hurithiwa.

Halafu mwaka 1948, Helen Spurway wa London akaeleza jambo la ajabu. Kulikuwa na nzi jike mwenye jeni mbovu ambaye alizaa vizuri tu. Watoto walitoka hai, wakaruka, wakala. Lakini wote walikuwa tasa. Jeni hiyo ikapewa jina lenye maana ya "asiye na wajukuu".

Inakuwaje? Nzi mama, anapotengeneza yai, huweka akiba maalum upande wa nyuma. Seli zitakazoota pale ndizo zitakuwa mbegu za kiume au mayai ya kizazi kijacho. Jeni za mama zikikosea, akiba haiwekwi. Mtoto anapata mabawa, macho, tumbo, kila kitu isipokuwa seli za uzazi. Kwenye miaka ya 1980 watafiti walipata jeni zaidi za aina hii na kuzipa majina ya koo za kifalme za Ulaya zilizokwisha kwa kukosa warithi: Tudor, Vasa, Valois. Wanasayansi nao wana utani wao.

Sasa, si lazima uijue kila jeni ndipo ukate ukoo. Mmarekani Edward Knipling aliwaza hivi: piga madume mionzi ili mbegu zao ziharibike, kisha waachilie kwa wingi. Jike atakayepandwa nao atataga mayai yasiyoanguliwa.

Mbinu hiyo ilifika hapa kwetu Afrika Mashariki. Kuanzia 1994, baada ya dawa kupunguza mbung'o wa Unguja, madume tasa waliofugwa Tanga walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, kwa hiyo akikutana na dume tasa, basi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa huru.

Nzi wa susu ni mgeni. Wataalamu wa icipe walimgundua pwani ya Kenya mwaka 2003. Mwaka 2005 akaitwa Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Mwaka 2015 ikabainika ni Bactrocera dorsalis yule yule wa Asia. Katikati ya hapo, 2014, Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani.

Nilimuuliza susu: kama Unguja waliweza, mbona sisi tusiweze? Hakujibu haraka. Alinyoosha kisu kuelekea shamba la jirani, ambako maembe yalikuwa yameoza chini hakuna wa kuyaokota. Nikaelewa. Unguja imezungukwa na bahari. Sisi tumezungukwa na watu. Ng'ambo ya mto Athi ni Kitui, nako kuna maembe, na nzi hajui mpaka wa kaunti. Hata ukileta madume tasa kwa malori, majike wa jirani watakuja wakiwa tayari wamebeba mayai.

Jioni tulichimba shimo la futi mbili, tukamimina maembe, tukashindilia udongo. Kisha susu akanituma kwa jirani na jembe la pili.