Kanzu, msalaba na mshahara wa serikali

Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki kutua Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1879, walivaa kanzu nyeupe, joho jeupe juu yake na tarbushi nyekundu. Bila ile rozari iliyoning'inia shingoni, mvuvi aliyewaona kwa mbali angewadhania wafanyabiashara kutoka Ujiji. Vazi hilo lilipangwa kwa makusudi. Kardinali Charles Lavigerie alianzisha shirika lao, Mapadri Weupe, mjini Algiers mwaka 1868, akawaagiza watu wake wavae kama Waislamu wa Afrika Kaskazini waliokuwa wakiishi kati yao.

Vazi halikuwakinga. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa hapohapo Rumonge katika ugomvi juu ya mtoto aliyekuwa chini ya ulinzi wao. Kanisa lilirudi Burundi mwishoni mwa karne, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, safari hii mbali na ziwa. Pwani ya Ziwa Tanganyika ikabaki na Waswahili, ambao walikuwa Waislamu.

Na Waswahili hao ndio waliotangulia kuingia kazi ya serikali na dini yao mwilini. Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura (Bujumbura ya leo), hawakuwa na watu wa kuandika, kutafsiri na kupeleka amri isipokuwa wale waliotoka mwambao au waliolelewa katika miji ya misafara. Kiswahili kikawa lugha ya serikali, na mtu wa serikali, machoni mwa raia wa milimani, akawa mtu wa kanzu na kofia. Wamisionari walinung'unika sana: walidai kwamba serikali ya Kikristo inaueneza Uislamu kwa fedha zake yenyewe. Malalamiko hayo yalifika hadi Kongamano la Kikoloni la Berlin la mwaka 1910, lililopitisha azimio kuhusu Uislamu katika makoloni.

Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, na meza ikapinduliwa. Shule karibu zote ziliwekwa mikononi mwa misheni, kwa ruzuku ya serikali. Watoto wa machifu na makarani wa baadaye walipelekwa Astrida, upande wa Rwanda, katika shule iliyoanzishwa mwaka 1929 na kuendeshwa na mabruda wenye majoho na misalaba. Mswahili wa miji ya ziwani kama Rumonge au Nyanza-Lac akageuzwa mgeni: auze samaki na mawese, lakini njia ya kwenda ofisini ilipitia kwa padri. Hakuna sheria iliyohitajika kumkataza karani kuvaa kanzu. Mvaa kanzu hakuwa na pa kuombea kazi.

Uhuru ulipatikana mwaka 1962, na misalaba ikabaki madarasani. Aliyeitikisa alikuwa Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987. Alifukuza wamisionari wengi, akabana ibada za siku za kazi na kutaifisha seminari ndogo. Hasira yake ilihusu zaidi nani ana sauti vijijini kuliko nguo. Pierre Buyoya alimpindua Septemba 1987, akapatana na Kanisa upesi.

Leo ibara ya kwanza ya katiba inasema Burundi ni jamhuri isiyo na dini. Hata hivyo, Novemba 2012 serikali ilitia saini mkataba na Vatikani, na zipo shule za Kikatoliki ambazo walimu wake hulipwa na dola. Sista aliyejifunga kitambaa kichwani, msalaba kifuani, anaweza kusimama mbele ya ubao na kupokea mshahara wa umma, na hakuna anayeshtuka. Idi nayo ni sikukuu ya taifa.

Ubelgiji yenyewe imeelekea kwingine. Katika manispaa ya Ans, karibu na Liège, mfanyakazi Mwislamu ambaye kazi yake haikumkutanisha sana na wananchi aliomba mwaka 2021 avae hijabu ofisini, akakataliwa, na manispaa ikabadilisha kanuni zake ili kukataza kila alama ya imani. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba ofisi ya umma inaweza kukataza hivyo, mradi katazo limguse kila mtu sawa na lisizidi kiasi kinachohitajika. Ofisi nyingine, ikasema mahakama hiyo, zina hiari ya kuchagua njia tofauti.

Wapo wanaotamani kanuni kama hiyo Afrika, wengi wao wakiwa na hijabu akilini. Wangefanya hesabu kwanza. Sensa ya 2008 ilikuta Wakatoliki Burundi ni asilimia 62 na Waislamu 2.5. Kanuni ya Ans, ikitumika kwa haki Nyanza-Lac, ingemgusa mwalimu mwenye mtandio, kisha ingefika kwenye shule na zahanati zinazoendeshwa na masista, na huko ndiko ingekuta watu wengi zaidi wa kuvuliwa.