Shule Zetu Hazikuanza na Salio Moja

Kila mwaka tunapokutana kwa harambee, kabla chai haijapoa, swali moja hurudi: kati ya shule za msingi za serikali za kwetu, ipi iko juu? Wa Upanga hutaja yake. Wa Gerezani hutetea yake. Wa Kariakoo hunyamaza kidogo, kisha husema, "Enzi zetu ilikuwa shule hasa." Baadaye huletwa matokeo ya darasa la saba na mjadala huishia hapo. Shule ya juu hupigiwa makofi, na ya chini hulaumiwa walimu wake.

Kazi yangu ni uhasibu. Katika kazi hii hatulinganishi maduka mawili kwa faida ya mwaka mmoja tu. Tunauliza kwanza kila duka lilifungua mwaka na salio gani. Aliyerithi duka lenye mali na aliyeanza na meza barabarani wanaweza kuwa na bidii ileile, lakini mwisho wa mwaka vitabu vyao havitafanana. Naomba tuzisome shule zetu namna hiyo, kwa kurudi nyuma hadi kwenye salio la kuanzia.

Ukitoka Kivukoni kwa miguu, ukapita Posta, Kisutu na Mnazi Mmoja hadi sokoni Kariakoo, unatumia kama nusu saa. Katika nusu saa hiyo unakatiza miji mitatu ya zamani. Wajerumani ndio walioanza kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi za 1891: mbele ya bahari nyumba za Kizungu, nyuma yake maduka na nyumba za mawe, na mbali zaidi nyumba za miti na udongo. Waingereza walipoingia mwaka 1916, eneo lililokuwa limepimwa kwa ajili ya Waafrika likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ndipo lilipopata jina la Kariakoo. Katika miaka ya 1920 mgawanyo ukawekwa rasmi katika kanda tatu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na Uswahilini. Wengi wetu tumeucheza mpira uwanja ule bila kujua uliachwa kwa sababu gani.

Shule zilifuata kanda hizo. Kulikuwa na idara ya elimu moja lakini mifumo mitatu: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Sheria za 1949 zilizidi kuutenganisha mfuko wa shule za Wazungu na ule wa shule za Waasia, kila jamii ikichangia kodi ya elimu kwa ajili ya watoto wake na serikali ikiongeza ruzuku juu yake. Mtoto wa Kizungu alitumiwa fedha mara nyingi zaidi ya mtoto wa Kiafrika. Mtoto wa Kariakoo alisoma madarasa manne, kisha mtihani wa darasa la nne ukachuja. Wachache waliobaki waliingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Upande wa pili wa Mnazi Mmoja, mwenzake hakuwa na chujio hilo.

Tusidhani lakini kwamba Kariakoo ilikaa kusubiri. Mwaka 1933 wazee wa mji waliunda Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, wakachanga na kujenga shule yao ambako watoto walisoma dini pamoja na masomo ya kawaida. Shule ya serikali ya Kichwele, katika mtaa ambao leo ni Uhuru, ililea watoto ambao baadaye walikuwa mstari wa mbele katika siasa za uhuru. TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Kwa hiyo kuchanga kwa ajili ya elimu hatukuanza sisi. Tumewakuta wazee wakifanya hivyo, tena wakiwa na kidogo kuliko tulicho nacho.

Uhuru ulipokuja, serikali haikuchelewa. Kuanzia Januari 1962 ubaguzi wa rangi katika kuandikisha wanafunzi ulifutwa na mifumo mitatu ikawa mmoja. Mwaka 1967 ilikuja Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule nyingi za taasisi na madhehebu mikononi mwa serikali. Sekondari ya Aga Khan ikawa Tambaza, na shule ya watawa wa Mtakatifu Joseph ikawa Forodhani. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977.

Hayo yalikuwa mambo makubwa, na wengi wetu tumesoma kwa sababu yake. Lakini mhasibu ataona kitu kimoja. Majina yalibadilika, wanafunzi walichanganyika, mitaala ikawa moja, ila majengo na viwanja vilibaki pale pale. Shule iliyojengwa katika kanda yenye viwanja vipana ilibaki na uwanja, miti na madarasa yenye hewa. Shule iliyobanwa kati ya nyumba za Kariakoo ilibaki imebanwa, na baada ya Musoma ikaongezewa watoto mara mbili. Mimi ni mtoto wa miaka iliyofuata. Nilisoma zamu ya mchana, kwa sababu chumba chetu asubuhi kilikuwa cha wengine. Tulifika jua likiwa utosini na tulikaa watatu hadi wanne kwenye dawati.

Hata katika lugha, salio halikuwa moja. Shule chache za serikali ziliachwa zifundishe kwa Kiingereza, na mbili kati ya zinazojulikana zaidi ziko kwetu Upanga: Olympio na Diamond. Mtoto anayetoka huko anaingia sekondari, ambako masomo ni kwa Kiingereza, akiwa amekwisha kuizoea lugha. Wa Gerezani au Mnazi Mmoja anaanza kuizoea siku hiyo. Halafu tunashangaa kwa nini wazazi hugombania nafasi upande mmoja.

Ada za shule ya msingi ziliondolewa mwaka 2001, ukaja MMEM na ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukasisitiza elimumsingi bila ada. Kugawa kwa kichwa ni haki, sina ugomvi nako. Lakini ukimpa kila mmoja sawa leo, aliyeanza nyuma anabaki nyuma kwa umbali uleule. Na zipo gharama ambazo ruzuku ya kichwa haizioni. Uhuru Mchanganyiko hupokea watoto wasioona wakasoma pamoja na wenzao. Kitabu cha nukta nundu ni kikubwa, ni ghali, na hakipatikani katika duka la vitabu la mtaani. Ukiiweka shule kama hiyo katika orodha moja na nyingine kwa wastani wa alama tu, umeiadhibu kwa wema wake.

Liko jambo la mwisho, nalo linatugusa sisi wenyewe. Kariakoo ya nyumba za vyumba sita na ua imekwisha. Viwanja vilivyokuwa na bibi, wapangaji na watoto kumi leo vina maghorofa ya maduka. Waliouza au kuingia ubia ni wazazi wetu na sisi, na tuliondoka kwenda Tabata, Kimara, Tegeta, Mbagala, wengine nje ya nchi. Sisemi tulikosea. Lakini tulipoondoka, shule zilipoteza majirani. Watoto wengi wanaosoma pale sasa hushuka daladala asubuhi na kupanda jioni. Wazazi wao wako mbali na ni shida kuhudhuria kikao cha kamati ya shule. Mwenye duka wa ghorofani hana mtoto pale. Bomba likipasuka, hakuna mama wa jirani wa kuja kumwambia mwalimu mkuu.

Ndiyo maana nasema tusiipe zawadi shule iliyoongoza matokeo kisha tukaridhika kwamba tumesaidia elimu ya kwetu. Kabla ya kugawa michango ya mwaka huu, kamati yetu itembelee kila shule, kuanzia Bunge upande wa Kivukoni hadi za Gerezani, na iandike mambo matatu: watoto wangapi kwa darasa moja, wangapi kwa tundu moja la choo, na wazazi wangapi walihudhuria kikao cha mwisho. Karatasi moja kwa kila shule inatosha. Mwaka ujao tuandike tena, tuone kila shule imesogea kiasi gani kutoka pale ilipoanzia. Huo ndio ulinganisho wa haki.

Nami najitolea kutunza hesabu hizo bila malipo. Wazee wa 1933 walichanga wakiwa wanaishi hatua chache kutoka shuleni kwao. Sisi tumehama, lakini deni halikuhama nasi. Karibuni tulilipe.